Deraya ya Francesco Maria della Rovere: kisa cha picha moja ya Titian

Mwezi Julai 1536 Francesco Maria della Rovere, mtawala wa Urbino na jemadari mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Jamhuri ya Venice, alimwandikia wakala wake mjini Venice, Gian Giacomo Leonardi, juu ya deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vita. Deraya hiyo ilikuwa katika karakana ya mchoraji Titian, ambaye alikuwa anamchora mtawala huyo, naye mwenye mali alitaka arudishiwe mara mchoraji atakapokuwa amemaliza haja yake nayo. Picha iliyotokana na azima hiyo ipo leo katika jumba la makumbusho la Uffizi mjini Florence, nayo ina urefu wa sentimita 114 na upana wa sentimita 103. Yeyote anayesimama mbele yake huona kwanza chuma, kisha uso, kisha vile vitu vilivyopangwa nyuma ya mtu huyo, na kwa maoni yangu vitu hivyo vya nyuma ndivyo vinavyoeleza kwa nini picha yote ilichorwa. Ninaisoma kama utetezi: hoja iliyopangwa kwa rangi za mafuta na mtu aliyekuwa ametuhumiwa jambo zito, ambaye hakuwa na mahakama ya kuliwasilisha.

Barua ile ya Julai inatueleza mambo mawili kabla hatujaitazama picha. La kwanza ni kwamba Titian hakubuni deraya kutoka kichwani, wala hakuchukua kipande chochote kilichokuwa kimelala karakanani akakivika mwili aliouchora. Deraya ya mkuu wa vita ilifuliwa kwa vipimo vya mwili wake, kiungo kwa kiungo, ikawa mali ya mtu mmoja kuliko hata vazi la mshonaji. Kumpelekea mchoraji deraya yenyewe kulikuwa sawa na kumpelekea nusu ya mwili. La pili ni kwamba mwenye deraya alikuwa na haja nayo. Ilikuwa chombo cha kazi cha mtu ambaye kazi yake ilikuwa vita.

Kazi hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu haifanani sana na ujemadari tunaoujua sisi. Katika Italia ya karne za 15 na 16, dola nyingi hazikuwa na majeshi ya kudumu ya raia wao chini ya majemadari wao wenyewe. Ziliajiri viongozi wa vita kwa mkataba ulioitwa kondota, na kutokana na neno hilo mtu mwenye mkataba aliitwa kondotiere. Mkataba ulitaja idadi ya wapanda farasi na askari wa miguu atakaowaleta, muda wa utumishi na malipo. Alipopewa amri kuu, alikabidhiwa hadharani fimbo ya ujemedari, na fimbo hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya kuaminiwa kwake. Kwa watu wa kazi hii jina jema lilikuwa mtaji halisi, maana dola iliyotilia shaka ujasiri au uaminifu wa mtu haikumpa mkataba mwingine, na watawala wa nchi ndogo kama Urbino waliishi kwa mikataba hiyo. Jumba la Urbino lenyewe, ambalo wageni hulistaajabia hadi leo, lilijengwa kwa fedha za vita vya watu wengine.

Aliyelijenga ni Federico da Montefeltro, babu mzaa mama wa Francesco Maria. Federico naye alichorwa akiwa ndani ya deraya, katika picha ya miaka ya 1470 iliyoko Urbino: ameketi anasoma kitabu kikubwa, mwanawe mdogo Guidobaldo amesimama kando ya goti lake, na nishani za wafalme zimewekwa zionekane. Picha hiyo inasema kwamba mtu huyu ameshinda, sasa anasoma. Guidobaldo yule mdogo alikua akawa mtawala, hakujaliwa mtoto, akamchukua Francesco Maria, mtoto wa dada yake, awe mrithi wake. Kwa upande wa baba, Francesco Maria alikuwa mtoto wa mdogo wake Papa Julius II. Kwa hiyo kijana huyu, aliyezaliwa Senigallia mwaka 1490 na kurithi Urbino mwaka 1508, alipata nchi kutoka kwa mjomba na amri ya majeshi ya Kanisa kutoka kwa baba mkubwa, kabla hajatimiza umri wa kuthibitisha kwa vitendo kwamba alistahili lolote kati ya hayo. Naona ni muhimu kulikumbuka hili, kwa sababu baadaye atajitahidi sana kutuonyesha kitu kimoja ambacho hakupewa na mtu.

Maisha yake hayakuwa ya kusomea kitabu kwenye kiti. Mwaka 1511, baada ya Papa kuupoteza mji wa Bologna, yeye na Kadinali Francesco Alidosi walitupiana lawama, naye akamuua kadinali huyo kwa mkono wake katika barabara ya Ravenna. Julius aliishia kumsamehe. Julius alipokufa mwaka 1513, kiti chake kilichukuliwa na Leo X wa ukoo wa Medici, na mwaka 1516 Papa huyo mpya akamtenga Francesco Maria na Kanisa, akamnyang'anya Urbino na kumpa Lorenzo, mtoto wa ndugu yake. Mapema mwaka 1517 mtawala aliyefukuzwa alirudi na kikosi cha askari wasio na mwajiri, wengi wao Wahispania na Wajerumani, akaiteka nchi yake tena bila dola yoyote kumpa fimbo wala mshahara. Aliishikilia kwa miezi kadhaa, kisha fedha zikamwishia, akalazimika kukubali masharti na kuondoka. Leo alifariki Desemba 1521, na Francesco Maria akairudia Urbino katika siku chache. Miaka iliyofuata alipata fimbo ya Florence na ile ya Venice.

Tuhuma zenyewe zilizaliwa mwaka 1526 na 1527. Venice, Papa Clement VII, ambaye naye alikuwa wa ukoo wa Medici, pamoja na Ufaransa walikuwa wameungana dhidi ya Kaisari Charles V, mtawala wa Dola Takatifu la Kirumi, na Francesco Maria, akiwa jemadari wa Venice, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika jeshi la muungano. Julai 1526 alilifikisha jeshi hadi kwenye kuta za Milan, kisha akalirudisha nyuma. Francesco Guicciardini, aliyekuwa mwakilishi wa Papa katika jeshi hilo na baadaye akaandika historia ya vita vya Italia, aliyageuza maneno mashuhuri ya Julius Caesar, nilikuja, nikaona, nikashinda, ili kumweleza mtawala wa Urbino: nilikuja, nikaona, nikakimbia. Tarehe 6 Mei 1527 jeshi la Kaisari, ambalo halikuwa limelipwa mishahara na lilikuwa limempoteza kamanda wake siku hiyo hiyo, liliingia Roma na kuipora kwa ukatili ambao Ulaya ilikaa ikiusimulia kwa vizazi. Papa alijifungia katika ngome ya Sant'Angelo. Jeshi la muungano lilikaribia, Francesco Maria akapima hali, akaamua halina nguvu ya kuikomboa ngome, akarudi nyuma. Mwezi Juni Papa akasalimu amri.

Waliomlaumu walisema kwamba alikuwa analipiza kisasi: ukoo wa Medici ulimnyang'anya nchi yake, na sasa alimwacha Papa wa Medici aangamie. Waliomtetea walisema kwamba jeshi lake lilikuwa linatoroka na halikuwa na nidhamu, kwamba Venice ilimtaka alilinde jeshi hilo kwa kuwa ndilo lililokuwa kinga ya ardhi yake, na kwamba jemadari mwenye akili hakimbilii pigano analoliona litamshinda. Sidhani kwamba hoja moja kati ya hizi inatosha kuifuta nyingine. Venice, kwa upande wake, iliendelea kumpa amri kuu hadi mwisho wa maisha yake. Historia ya Guicciardini ilichapishwa mwaka 1561 tu, baada ya wote wawili kufariki, lakini lawama hazikusubiri kuchapishwa. Zilikuwa midomoni mwa watu tangu siku zile.

Huyu ndiye mtu aliyepeleka deraya yake kwa Titian, miaka tisa baada ya Roma kuporwa.

Mpango wa kwanza wa picha haukuwa ule tunaouona. Uffizi wanahifadhi mchoro wa wino wa Titian ambamo mtawala amesimama mwili mzima, kuanzia chapeo hadi miguu, na nyuma yake ukuta umepinda kama shubaka. Karatasi imechorwa mistari ya miraba, kama wachoraji wanavyofanya wanapojiandaa kuhamisha mchoro kwenye kitambaa kikubwa. Mtu wa mchoro huo anafanana na sanamu ya jiwe iliyowekwa ndani ya ukuta wa jengo la umma. Katika picha iliyokamilika Titian amemsogeza karibu, akamkata chini ya kiuno, akaliondoa shubaka na kuweka mahali pake kizingiti kilichofunikwa mahameli nyekundu. Mabadiliko haya yaliiwezesha picha kulingana na ile ya mke wa mtawala, Eleonora Gonzaga, iliyochorwa kwa kipimo kinachokaribiana nayo. Lakini yalifanya na jambo jingine: yalileta uso mahali ambapo jicho la mtazamaji haliwezi kuukwepa, na yakatoa nafasi ya kupanga vitu nyuma ya bega.

Mtawala ameunyoosha mkono wake wa kulia mbele, na katika ngumi yake kuna fimbo ya ujemedari ya Venice ambayo kitako chake kinakaa kwenye nyonga. Mkono wa kushoto uko kwenye mpini wa upanga. Juu ya ile mahameli imewekwa chapeo yenye manyoya, na hapo pia zimesimama fimbo nyingine mbili, ya Kanisa na ya Florence, na pamoja nazo tawi la mwaloni lenye utepe wenye maneno mawili ya Kilatini, SE SIBI, ambayo kwa kifupi yanabeba maana ya yeye mwenyewe kwa ajili yake mwenyewe.

Anayezitazama fimbo hizi kwa haraka anaweza kuziona kama orodha ya vyeo. Mimi nadhani zimepangwa kwa makusudi makali zaidi. Fimbo ya Kanisa imetolewa na dola ile ile ambayo alishtakiwa kuiacha ivunjwe. Fimbo ya Florence inatoka katika mji ambao ulikuwa ngome ya ukoo uliomfukuza nchini kwake. Mtu aliyekubali tuhuma za 1527 angezificha fimbo hizo, au angebaki na ile ya Venice peke yake, ambayo hakuna aliyeweza kumbishia. Yeye ameziweka zote mwangani, kana kwamba anawauliza walioziandika lawama: ikiwa nilikuwa msaliti, ni nani kati yenu aliyewahi kuja kuichukua fimbo yake?

Tawi la mwaloni ndilo kiini cha hoja. Jina della Rovere linatokana na mti huo, nao umo katika ngao ya ukoo wao, kwa hiyo tafsiri rahisi ni kwamba tawi linataja nasaba. Lakini limewekwa kati ya fimbo za kazi, limekatwa kwa kimo cha fimbo, na lina majani kwa sababu fimbo hii iko hai. Tuna shahidi wa wakati ule anayetuambia jinsi ya kulisoma. Mwandishi Pietro Aretino, rafiki mkubwa wa Titian, aliiona picha hii Venice, na tarehe 7 Novemba 1537 alimwandikia Veronica Gambara, mshairi na mtawala wa Correggio, akaieleza kipengele kwa kipengele. Alisema kwamba ile fimbo ya nne imechanua kwa sifa za vita vilivyomfanya Papa Leo abadili mawazo. Vita hivyo ni vile vya 1517, alivyopigana Francesco Maria bila mwajiri, bila hazina na bila baba mkubwa kwenye kiti cha Papa. Sasa yale maneno mawili ya Kilatini yanajieleza yenyewe. Kanisa lilimpa, Florence ilimpa, Venice ilimpa. Hili alijipa mwenyewe. Mtu aliyeambiwa kwamba ni mwoga aliyejificha nyuma ya hesabu za kijeshi anajibu kwa kukumbusha wakati ule mmoja ambapo hesabu zote zilimpinga na bado alikwenda.

Aretino anasaidia pia kueleza chuma. Anasema kwamba katika mng'ao wa deraya unajiona wekundu wa ile mahameli, na kwamba manyoya ya chapeo yanaonekana tena, yakiwa hai, katika bamba la kifua lililosuguliwa. Hapa ndipo barua ya Julai 1536 inapopata maana yake yote. Chuma kilichosuguliwa hakina rangi yake hasa. Kina rangi za vitu vilivyokizunguka, zikiwa zimepindishwa na umbo la bamba, na mchoraji hawezi kuzikisia. Anahitaji deraya yenyewe, iwekwe mbele ya kitambaa chekundu chenyewe, karibu na dirisha lenyewe. Titian alijenga uso wa chuma kwa weusi na kijivu, akapitisha juu yake wekundu mwembamba unaong'aa kutoka chini, kisha akaweka mwanga wa dirisha kwa michirizi michache ya rangi nyeupe iliyo nzito kiasi cha kuonekana imetua juu ya kitambaa. Ukiikaribia picha, michirizi hiyo ni rangi tupu. Ukirudi hatua tatu, ni chuma chenye baridi. Nimeona picha nyingi za deraya za karne ile ambazo kila msumari umehesabiwa na bado chuma kinafanana na bati lililopakwa rangi. Hapa mapambo ni machache, na uzito wa chuma upo kwenye bega na kwenye kiwiko kilichonyooshwa.

Ipo sababu ya wepesi huo wa mapambo. Deraya za gwaride za zama zile zilichongwa vichwa vya simba, majani na miungu ya kale, na mtu mwenye cheo cha mtawala wa Urbino angeweza kuchorwa ndani ya moja ya hizo. Iliyochaguliwa ni deraya ambayo mtu anaweza kupigana nayo. Kwa mtu aliyelaumiwa kwamba hakupigana, uchaguzi huo una uzito.

Soneti ambayo Aretino aliiambatanisha na barua yake inamtaja Apelles, mchoraji wa Ugiriki ya kale, aliyechora uso na kifua cha Alexander lakini hakuweza kuionyesha nguvu ya roho yake. Titian, inadai soneti, ameyaleta nje yale yasiyoonekana. Inaendelea kusema kwamba hofu inayowatisha maadui imekaa kati ya nyusi za mtawala, moyo wake uko machoni, na kwamba katika kifua kilichovikwa deraya na mikono iliyo tayari unawaka ushujaa unaoilinda Italia. Tusisahau kwamba Aretino alikuwa mtu wa kusifu kwa faida, na kwamba aliandika barua zake akijua zitachapishwa na kusomwa miji yote ya Italia. Sifa zake zilikuwa sehemu ya kazi ya picha hiyo hiyo: watu wengi ambao wasingeingia kamwe katika jumba la mtawala walipata kusoma kile ambacho fimbo na tawi vilitaka kusema.

Hata hivyo, kuhusu uso siwezi kukubaliana na Aretino moja kwa moja. Hofu ya kuwatisha maadui siioni. Naona mwanamume wa miaka arobaini na sita au saba, mwenye ndevu nyeusi na macho yasiyopepesa, ambaye ngozi chini ya macho yake imechoka na kinywa chake kimefungwa kama cha mtu aliyekwisha kusikia swali atakaloulizwa. Anamtazama mtazamaji moja kwa moja. Babu yake Federico, katika picha ile ya kitabu, hamtazami yeyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamdai jibu. Mwangaza wa uso haufiki ukali wa mwangaza wa chuma, na tofauti hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye picha hii kila mara: Titian amekipa chuma mng'ao wote ambao mteja alikuwa na haki ya kuutaka, kisha akauacha uso na miaka yake. Picha ya Eleonora, ambaye ameketi kwa utulivu kando ya dirisha akiwa na saa na mbwa mdogo, haina swali kama hilo ndani yake, nami sitaizungumzia zaidi ya hapo.

Mwaka 1538 utetezi huo ulielekea kupata nafasi ya kuthibitishwa. Mwezi Februari Papa Paul III, Kaisari na Venice waliunda muungano dhidi ya dola la Waturuki wa Uthmaniya, na Francesco Maria akawekwa kuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu; yaani Kanisa na Kaisari, pande mbili za vita vya 1527, zilikubaliana juu ya mtu yule yule. Septemba ya mwaka huo meli za muungano zilishindwa Preveza, na mwezi Oktoba, kabla hajaliongoza jeshi lolote la muungano vitani, mtawala akafariki Pesaro. Ilivuma kwamba kinyozi wake alimtilia sumu sikioni. Picha ilikuwa imekwisha kupelekwa kwake, kwa hiyo aliishi nayo miezi michache tu.

Ukoo wake uliendelea kutawala Urbino hadi 1631, alipofariki mjukuu wake Francesco Maria II bila mrithi wa kiume aliye hai. Nchi ilichukuliwa na Kanisa. Mali ya nyumba, pamoja na picha zote, ilikwenda kwa mjukuu wa kike wa Francesco Maria II, Vittoria, ambaye alikuwa amechumbiwa na Ferdinando II de' Medici, mtawala wa Toscana. Kwa njia hiyo picha ya Titian ilipakiwa ikapelekwa Florence, na lile tawi la mwaloni lililowekwa kukumbusha vita dhidi ya Papa wa Medici likatundikwa katika nyumba ya Medici.